Kutoka New York Hadi Barua ya Chifu wa Kitengela

Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika Julai 1, 1981. Ilikuja na kanuni iliyowashtua wengi: mzazi akifa bila wosia, watoto hugawana sawa, wa kiume kwa wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Lakini ilikuwa na mwanya. Vifungu vya 32 na 33 viliruhusu wilaya fulani ziachwe nje, ili ardhi ya kilimo, mazao na mifugo viendelee kurithiwa kimila. Orodha ya wilaya hizo ilichapishwa mwaka huo huo wa 1981, nayo ilikuwa na majina 12: Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Narok na Kajiado.

Kwa boma la Kajiado, ukitoa ardhi na mifugo kwenye mirathi hakuna cha maana kinachobaki. Binti wa Kimaasai alihesabiwa raia kamili siku ya kupiga kura, ila siku ya kugawa mali ya baba yake sheria ya nchi ilimwacha mikononi mwa kaka zake.

Bunge halikuuziba mwanya huo. Ulizibwa na mkataba uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa jijini New York mnamo Desemba 18, 1979, Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao Kenya ilijiunga nao Machi 1984. Mwaka 2008, mabinti wa marehemu Lerionka Ole Ntutu walikuwa mbele ya Mahakama Kuu wakidai fungu lao. Kaka zao walijibu kwa orodha ya 1981: hapa ni mila ya Kimaasai, na mila haimpi binti ardhi. Jaji Kalpana Rawal, ambaye baadaye alikuwa Naibu Jaji Mkuu, aliipima hoja hiyo kwa katiba ya wakati ule na kwa mkataba wa 1979, akaikataa. Mabinti wakawa warithi.

Kesi hiyo haijulikani sana nje ya korido za mawakili, na ni hasara, kwa sababu inajibu lawama inayosikika kila mahakama ya Kenya inapotaja katiba ya Afrika Kusini, hukumu ya India au mkataba wa Geneva: kwamba majaji wanatuletea sheria za watu wengine. Lawama hiyo haiangalii historia. Sheria ya mbali imekuwa ikiamua mambo ya Kajiado kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilichobadilika ni nani anaishika, na dhidi ya nani.

Mwaka 1904 serikali ya Mwingereza ilitia saini makubaliano na viongozi wa Kimaasai, Olonana akiwa miongoni mwao. Wamaasai wakaondoka Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, wakaachiwa maeneo mawili, moja kaskazini huko Laikipia na jingine kusini. Ahadi ilikuwa kwamba maeneo hayo yangekuwa yao muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Ahadi haikumaliza hata miaka kumi. Kwa makubaliano mengine ya 1911, wa Laikipia nao walihamishiwa kusini, katika nchi ambayo leo ni kaunti za Narok na Kajiado.

Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini, na wenzake hawakwenda vitani. Walitafuta wakili, na kesi yao ikasikilizwa Mombasa mwaka 1913. Jibu walilopewa bado linasomeshwa katika vyuo vya sheria. Majaji walisema makubaliano ya 1904 na 1911 yalikuwa mikataba kati ya Taji la Uingereza na taifa jingine, kwa kuwa Afrika Mashariki ilikuwa nchi lindwa na si milki ya Mfalme. Mikataba ya namna hiyo, walisema, ni mambo ya dola kwa dola, na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuisikiliza. Rufaa nayo ilianguka Desemba mwaka huo. Kwa maneno mengine, Wamaasai walihesabiwa taifa huru kwa kiasi cha kutosha kutia saini hati ya kuitoa ardhi yao, kisha uhuru huo huo ukatumiwa kuwafungia mlango wa mahakama.

Kwa hiyo sheria ya kimataifa ilifika Kajiado kabla ya barabara ya lami, tena ilifika ikiwa chombo cha mwenye nguvu. Wamaasai walioandamana Agosti 2004, miaka mia moja baada ya makubaliano ya kwanza, kudai ardhi ya Laikipia, walikuwa bado wanaijibu hukumu ile.

Hata haki za msingi ambazo Kenya ilipata pamoja na uhuru hazikuandikwa nyumbani. Kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka 1960, wajumbe Waafrika walikuwa na mshauri kutoka Marekani, Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda mwaka 1954 kesi iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma nchini mwake. Marshall aliandika rasimu ya haki kwa ajili ya Kenya, akichota katika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu na katika katiba za nchi kama Nigeria. Maneno yaliyoingia katika katiba ya uhuru mwaka 1963 hatimaye yalifuata njia nyingine: Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa 1950, uliopitia katiba ya Nigeria na kusambazwa katika makoloni yaliyokuwa yakipata uhuru, Uganda ikiwemo. Hoja iliyowasumbua zaidi Waingereza London ilikuwa mali ya walowezi, na ulinzi wa mali ukaandikwa kwa mapana na marefu.

Binti wa Kajiado hakuwa katika hesabu. Kifungu cha 82 cha katiba ya zamani kilikataza ubaguzi, lakini neno jinsia halikuwemo mpaka marekebisho ya 1997. Hata baada ya hapo, aya ya nne iliacha nje mambo ya ndoa, talaka, mazishi na urithi, pamoja na sheria za kimila.

Kizuizi hicho ndicho Mahakama ya Rufaa ilikikuta mwaka 2005 katika kesi ya familia ya Rono kutoka Bonde la Ufa. Marehemu aliacha wajane wawili na shamba la ekari 192. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume fungu kubwa kuliko mabinti, kwa maelezo kwamba mabinti huenda wakaolewa na kuondoka. Jaji Philip Waki hakuridhika. Aliutazama mkataba wa 1979, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Kanuni za Bangalore, yaani maafikiano ya majaji wa Jumuiya ya Madola waliokutana India mwaka 1988 na kukubaliana kwamba jaji anaweza kuongozwa na sheria ya kimataifa pale ambapo sheria ya nchi yake iko kimya au ina utata. Mabinti wakapandishwa kuwa sawa na kaka zao. Miaka mitatu baadaye njia hiyo ilimfikisha Jaji Rawal kwenye boma la Ole Ntutu.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu watazame pia majirani. Mwaka 1990 huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania alisikiliza kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Watu wa ukoo walishtaki: mwanamke wa Kihaya hutumia ardhi ya ukoo, haiuzi. Jaji alitaja mkataba wa 1979 na ule wa Afrika, akasema mila hiyo haiwezi kuishi pamoja na haki zilizoingizwa katika katiba ya Tanzania mwaka 1984. Afrika Kusini iliondoa urithi wa mwana wa kiume peke yake mwaka 2004 katika kesi ya Bhe, na mahakama za Botswana zikafuata mwaka 2012 na 2013. Zimbabwe ilikwenda upande wa pili: mwaka 1999, katika kesi ya Magaya, mahakama yake ya juu ilimpa urithi mwana wa kiume na kumwacha dada yake mkubwa, kwa sababu katiba ya huko, kama ya Kenya ya zamani, iliikinga mila. Majaji hawa wote ni wa Afrika, na mabishano yao ni kuhusu maboma na mashamba ya Afrika.

Wakenya waliiona faida hiyo walipoandika katiba mpya. Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na Nzamba Kitonga ilikuwa na wageni watatu mezani: Christina Murray wa Afrika Kusini, Frederick Ssempebwa wa Uganda na Chaloka Beyani wa Zambia. Ukikisoma kifungu cha 24, kinachoeleza ni lini haki inaweza kuwekewa mipaka, utaikuta pale pale mizani ya kifungu cha 36 cha katiba ya Afrika Kusini: aina ya haki, umuhimu wa lengo la kuibana, na iwapo ipo njia isiyoumiza sana. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 2(6) kinasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 2(4) kinabatilisha sheria yoyote, ya kimila ikiwemo, inayopingana na katiba. Na kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Mbele ya vifungu hivyo, orodha ya wilaya 12 haina tena cha kujikingia.

Lawama ya ugeni, hata hivyo, si ya kupuuzwa, na Kajiado imeitoa kwa sauti. Mwaka 2014 mamia ya wanawake wa Kimaasai waliandamana katika kaunti hiyo kupinga utekelezaji wa sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji. Walisema serikali inaingilia utamaduni wao. Hoja ya namna hiyo ilifika Mahakama Kuu kupitia daktari, Tatu Kamau, aliyedai kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya mwili wake. Machi 17, 2021, majaji watatu waliikataa. Walizingatia madhara ya kiafya na shinikizo la jamii linaloufanya uamuzi huo usiwe huru. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake wa Afrika iliwapa msingi. Ni itifaki ya Umoja wa Afrika, si ya Ulaya. Lakini kuna funzo katika maandamano yale: sheria inayofika kijijini ikiwa na pingu tu, bila mtu wa kuieleza kwa Kimaa, itaonekana ngeni hata ikiwa imeandikwa na Bunge la Nairobi.

Wengine hulalamika kwamba majaji wanajipa kazi ya Bunge. Hapa kuna jibu la kitaratibu. Tangu 2012 Kenya ina sheria ya kutunga na kuridhia mikataba, inayotaka Bunge lihusishwe kabla serikali haijajifunga. Mahakama zenyewe nazo zimepunguza kasi ya mwanzo. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, wakati huo akiwa Mahakama Kuu, alizuia mdaiwa asifungwe jela kwa deni, akitegemea Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Jaji mwenzake David Majanja, mwaka 2012, hakukubali kwamba mkataba unaweza kuipiku sheria ya Bunge kwa sababu tu umeridhiwa. Katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, waliobomolewa makao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011, Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2021 kwamba sheria ya kimataifa iko chini ya katiba. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kufurushwa kwa watu, ilisema, humsaidia jaji kuielewa haki ya makazi, ila si sheria ya kumfunga.

Na si kila kilichotoka nje kimepokewa. Katika kesi ya BBI, mpango wa kuirekebisha katiba, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021 zilikubali fundisho la India, lililozaliwa katika hukumu ya Kesavananda Bharati mwaka 1973, kwamba katiba ina nguzo ambazo wabunge hawawezi kuzing'oa. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ililikataa. Sababu yake ni kwamba India katiba hubadilishwa na wabunge, ilhali ya Kenya ina njia zake za marekebisho, na kwa mambo mazito wananchi wenyewe hupiga kura ya maamuzi. Mtu anaweza kutokubaliana na uamuzi huo, lakini hawezi kusema majaji wa Kenya wanameza kila wanachoandikiwa na wengine.

Upande wa ardhi za jamii, mambo yamegeuka kabisa tangu 1913. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika kwamba Kenya iliwakosea Waendorois ilipowaondoa kando ya Ziwa Bogoria. Tume iliegemea, pamoja na mengine, hukumu ya mahakama ya nchi za Amerika kuhusu watu wa Saramaka wa Suriname. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika jijini Arusha iliwapa Waogiek wa msitu wa Mau ushindi kama huo. Ole Gilisho aliambiwa kwamba mkataba ni wa dola peke yake. Waendorois na Waogiek waliutumia mkataba kuishtaki dola, wakashinda, ingawa utekelezaji unakwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Utekelezaji ndio unaoleta hoja Kitengela, katika kaunti ya Kajiado. Ranchi ya kikundi iliyokuwa hapo, yaani ardhi ya pamoja, iligawanywa mwaka 1988. Viwanda vya eneo huru la mauzo ya nje vilipoanza Athi River miaka ya 1990, wafanyakazi walihitaji vyumba, na mbuga ikaanza kukatwa ploti. Sensa ya 2019 ilikuta mji wa Kitengela una watu zaidi ya 150,000. Leo kando ya barabara ya Namanga mabroka wa ploti ni wengi kuliko wachungaji, na ukutani kwa baadhi ya mashamba kuna maandishi ya rangi kwamba shamba haliuzwi, dalili kwamba kuna wanafamilia wanaoogopana.

Hapo haki ya binti huamuliwa mapema, na kwa kawaida si mbele ya jaji. Mzee akifa, familia huanza kwa chifu. Mahakama hudai barua yake yenye majina ya wote walioachwa na marehemu: wajane, wana, mabinti. Barua hiyo hupelekwa Kajiado pamoja na fomu za mirathi, mojawapo ikiwa ya warithi wenza wa mwombaji kutia saini kuwa wameridhia. Tangazo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali na siku 30 hupita. Asiposimama mtu kupinga, cheti cha usimamizi hutolewa na, kikishathibitishwa, shamba huhama jina. Katika msururu wote huo, mkataba wa New York, hukumu ya Rono na kifungu cha 60 hutegemea mstari mmoja wa barua. Kaka akimwambia chifu kwamba dada zake walishaolewa Namanga au Bisil na hawahitaji kuandikwa, na chifu akakubali, hakuna jaji atakayejua kuwa waliwahi kuzaliwa. Gazeti la serikali si kitu kinachofika kwenye maboma.

Binti akigundua baadaye, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinamruhusu kuomba cheti kifutwe kwa sababu kilipatikana kwa kuficha ukweli. Lakini kifungu cha 93 humlinda mnunuzi aliyenunua kwa msimamizi wa mirathi hata kama cheti hicho kitafutwa baadaye. Mahakama zimetofautiana kuhusu ununuzi uliogubikwa na ulaghai, na kesi hizo huchukua miaka. Kitengela, ambako shamba linaweza kukatwa vipande hamsini au mia na kujengwa ghorofa kabla ya kesi kutajwa mara ya pili, mlolongo huo huishia kwa binti kupata hukumu nzuri na kukosa ardhi.

Tiba haihitaji mkataba mwingine. Barua ya chifu iwe fomu rasmi yenye nafasi ya kila mtoto, wa kike na wa kiume, ndoa isiwe sababu ya kuacha jina, na chifu atie saini kwamba aliuliza. Msajili wa mahakama Kajiado akipokea orodha ya wana wa kiume watupu, aulize kabla ya kupeleka tangazo kuchapishwa, na tangazo lisomwe pia katika baraza la chifu kwa Kimaa. Hayo ni maagizo ya kiofisi ambayo Jaji Mkuu na wizara ya usalama wa ndani wanaweza kuyatoa bila kurudi Bungeni.

Haraka zaidi inahitajika kwenye ardhi ambayo bado ni ya pamoja. Chini ya sheria ya ranchi za vikundi ya mwaka 1968, walioandikishwa walikuwa kwa kawaida wakuu wa familia, yaani wanaume. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeifuta hiyo, inataka daftari jipya la wanajamii, na inakataza ubaguzi wa wanawake. Ranchi za Kajiado ambazo hazijamaliza mabadiliko hayo zina nafasi ambayo Kitengela haikuwa nayo mwaka 1988. Serikali ya kaunti na wizara ya ardhi zisikubali daftari lolote lisilo na majina ya wanawake, na hatimiliki isitolewe kabla daftari hilo halijasomwa hadharani, kwani baada ya kugawana na kuuza, kitakachobaki kwa mabinti ni kuanza safari ya miaka ya mahakama ambayo mabinti wa Ole Ntutu walishaimaliza kwa niaba yao mwaka 2008.